Oshiruko ya nyumbani: mwongozo kamili wa supu tamu ya azuki na vidonge vya mchele wa kunata

Oshiruko ni supu tamu ya Kijapani. Maharage madogo mekundu yanayoitwa azuki yanapikwa mpaka yanalainika kabisa, yanatiwa sukari, alafu ndani yake vinawekwa vidonge vyeupe vya unga wa mchele wa kunata, vinaitwa shiratama. Ukiacha maji, viungo ni vinne tu. Na bado watu wanaishia na maharage yanayogonga meno na vidonge vilivyofumuka sufuriani vikawa uji, wanarudia, inatoka vilevile, wanaachana nayo.

Mara nyingi shida sio moto wala sio mkono. Ni sehemu mbili tu: sukari imeingia kabla ya wakati wake, au unga walionunua sio wenyewe. Ukizishika hizo mbili, yaliyobaki ni uvumilivu.

Kama umekulia Pwani ukala vipopoo kwenye futari, wazo la vidonge vya unga ndani ya mchuzi mtamu sio geni kwako. Kigeni ni maharage kuwa matamu, na hapo wengi wanasita kabla hata hawajaonja. We pika kwanza.

Jambo moja kuhusu jina ili usichanganyikiwe ukitafuta mapishi mengine: hii ya punje nzimanzima yenye supu ukiwa Kyoto au Osaka wanaiita zenzai, na wakisema shiruko wanamaanisha ile laini iliyochujwa. Tokyo zote mbili ni oshiruko, na ukiagiza zenzai huko unaweza ukaletewa rojo zito lisilo na supu kabisa. Hapa tunapika ya punje, yenye supu.

## Mahitaji (watu wanne mpaka watano)

Ya supu:

- Azuki kavu, gramu 200
- Sukari nyeupe, gramu 150 mpaka 180
- Chumvi, robo kijiko cha chai
- Maji ya kutosha, andaa kama lita 3

Ya vidonge:

- Unga wa shiratamako, gramu 100
- Maji, mililita 80 mpaka 90

Vyombo: sufuria nzito ya lita 3 yenye mfuniko, sufuria nyingine pana ya kuchemshia vidonge, chujio, upawa wa matundu, mwiko wa mbao, bakuli kubwa la maji baridi, na mizani ya jikoni. Mizani usiipuuze. Shiratamako inakuja kama vichenga vichenga, sio unga laini, kwa hiyo kikombe cha mtu mmoja na kikombe cha mwingine havilingani hata kidogo na hapo ndo donge linapoharibikia.

Sufuria ya chuma cheusi iache, azuki zikikutana na chuma zinageuka nyeusi. Bati, stenlesi au ile ya enameli ni sawa.

Muda wote ni kama saa mbili na nusu, na sehemu kubwa ni kusubiri.

## Azuki, na usichokitaka

Azuki kwa ukoo ziko karibu na kunde na choroko kuliko haya maharage yetu ya kawaida. Ni ndogo, za mviringo kiasi, nyekundu iliyoiva kama damu ya mzee, na zina kidoa cheupe kirefu upande mmoja. Maduka ya Kijapani, Kikorea na Kichina yanaziuza, kwa hiyo walioko London, Toronto au Dubai hawapati tabu. Pakiti ya Kijapani itaandikwa 小豆, ya Kichina mara nyingi 红豆.

Sasa kuwa makini na pakiti iliyoandikwa 赤小豆. Ukiangalia haraka utasema ndo zenyewe ila hizo ni nyembamba ndefu, Wachina wanazitumia sana kwenye supu za dawa, na unaweza kuzichemsha mpaka gesi iishe zisivurugike unavyotaka.

Angalia pia tarehe. Azuki zilizokaa kabatini miaka zinapauka, zinakuwa ngumu, na hakuna ujanja wa kuzirudisha.

Na ukikosa azuki kabisa? Tumia maharage mekundu, wala usijisikie mwizi, mana Okinawa zenzai yao inapikwa kwa maharage mekundu makubwa na wanaimiminia barafu iliyosagwa juu. Ila maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo lazima uiue kwa moto: loweka usiku kucha, mwaga yale maji, weka mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 nzima ndo upunguze moto. Usiyaanzishe kwenye jiko la umeme la kupika polepole, joto lake halifiki.

## Unga ndo penye kesi

Unga wa mchele wa kawaida, ule wa mkate wa kumimina, hautoi shiratama. Sio kwamba itatoka tofauti kidogo, haitoki. Mchele wa kawaida una wanga wa aina mbili, na ile aina ya amilosi ndo inayofanya wali uchambuke punje punje. Mchele wa kunata karibu wote ni aina ya pili, amilopektini, ndo mana donge lake linavutika na linashikana ndani ya maji ya moto. Ukitumia unga wa kawaida, vidonge vitapasuka au vitakuwa vigumu kama chaki, na hautakuwa umekosea popote kwenye upishi.

Kwenye pakiti za Kijapani tafuta hivi:

- 白玉粉, shiratamako. Mchele wa kunata uliosagwa na maji alafu ukakaushwa. Ndo bora, vidonge vinakuwa laini na vinang'aa.
- もち粉, mochiko. Mchele wa kunata pia ila umesagwa mkavu. Unafaa, vidonge vinakuwa vizito kidogo.
- 上新粉, joshinko. Huu ni mchele wa kawaida. Uache dukani.

Unga wa mchele wa kunata kutoka Thailand pia unafaa, na unapatikana kirahisi zaidi. Mara nyingi pakiti yenye maandishi ya kijani ni ya kunata na yenye maandishi mekundu ni ya kawaida, zinawekwa rafu moja na zinafanana kila kitu isipokuwa rangi, kwa hiyo soma usishike tu. Huo unga hauna gluteni hata kama neno "glutinous" kwenye pakiti linakaribiana nalo, maana yake ni kunata tu.

## Hatua ya 1: Chagua, osha, usiloweke

Mwaga azuki kwenye sinia, toa mawe, zilizotobolewa na wadudu na zilizopauka. Osha mara mbili tatu mpaka maji yawe safi.

Kuloweka hakuna haja. Ganda la azuki halipitishi maji kirahisi, yanaingilia kwenye kile kidoa cheupe tu, kwa hiyo saa chache za kuloweka hazibadilishi kitu cha maana. Na ukisema ulaze usiku kucha kwa joto la Dar au Muscat, asubuhi unaweza ukakuta maji yana povu na harufu ya chachu.

## Hatua ya 2: Chemsha maji ya kwanza, mwaga

Weka azuki kwenye sufuria na maji kama mililita 600, moto mkubwa. Yakianza kuchemka acha dakika 5, alafu mwaga maji yote kwenye chujio na uzisuuze kwa maji ya bomba.

Maji haya yanabeba ukakasi wa ganda, ule unaokausha ulimi kama umekula ndizi mbichi. Wajapani wanaita shibukiri. Ukiruka hapa supu itakuwa tamu mbele na chungu nyuma, na utadhani sukari haitoshi, utaongeza, na ukakasi utabaki palepale.

Ukimwaga utaona maji yamekuwa ya rangi ya kahawia nyekundu na baadhi ya azuki zimejikunja ganda. Usishtuke, ganda linavuta maji kabla ya ndani, hatua inayofuata zitajaa zenyewe.

Wengine wanarudia mara mbili. Mi naona mara moja inatosha kwa azuki mpya, mana ukimwaga mno unamwaga na harufu yake. Kama pakiti ni ya zamani kidogo, rudia.

## Hatua ya 3: Chemsha taratibu mpaka zilainike

Rudisha azuki sufuriani na maji lita 1. Yachemke, alafu punguza moto mpaka uwe mdogo, maji yawe yanatikisika tu na vipovu viwili vitatu vinapanda pembeni. Weka mfuniko ukiacha mwanya.

Moto mkubwa hapa unafanya azuki zigongane, maganda yanapasuka kabla ndani hapajaiva, unaishia na maganda yanaelea na viini vigumu chini. Kuwa mpole nazo.

Zikishachemka dakika 20 hivi, mimina maji baridi glasi moja. Huu ni utaratibu wa wapishi wa zamani Japani, wazo lake ni kushusha joto la nje ili ndani pakamate na zote ziive kwa pamoja. Wapo wanaosema hauna maana kwa azuki za siku hizi. Ukiuruka hakuna kitakachoharibika, mi naufanya kwa sababu maji yenyewe kufikia wakati huo yameshapungua.

Kuanzia hapo kazi yako ni moja: azuki zisitoe kichwa juu ya maji. Kila ukiona maji yamepungua ongeza kidogo, yabaki yamezifunika kama urefu wa kiungo cha kidole. Punje iliyokaa nje ya maji inakuwa ngumu na hailainiki tena sawasawa. Povu likija, litoe.

Itachukua dakika 60 mpaka 90. Inaweza kuzidi kama:

- Uko juu sana. Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi sio 100, kwa hiyo ongeza nusu saa hadi saa na usishangae.
- Maji yako ni ya kisima na ni ya chumvi chumvi. Madini ya maji magumu yanakaza ganda. Tumia ya chupa kwa siku hiyo.
- Azuki ni za zamani.

Na najua unachofikiria: magadi. Usitie. Magadi yatalainisha kweli, ila yatakula ganda lote, rangi itakuwa chafu, na kwenye chakula kitamu ile ladha ya sabuni haina pa kujificha. Kwenye maharage ya nazi na kitunguu unaweza ukaponea, hapa huponi.

Mwenye presha kuka: baada ya hatua ya 2, weka azuki na maji mililita 800, ujazo usizidi theluthi moja ya sufuria kwa sababu maganda yanaweza kuziba tundu la mvuke. Dakika 12 mpaka 15 baada ya kuanza kupiga mluzi, zima, iache ishushe presha yenyewe. Ukiifungua kwa nguvu azuki zinapasuka zote kwa mpigo.

## Hatua ya 4: Pima kabla ya sukari

Hapa ndo mlango. Ukishapita huwezi kurudi.

Toa azuki tano kutoka sehemu tofauti za sufuria, sio moja. Weka moja kati ya kidole gumba na kidole cha mwisho, kile kidogo kisicho na nguvu, bonyeza. Inatakiwa ivunjike bila kubisha, ndani pawe kama unga uliolowa, pasiwe na kipande cha katikati kinachoteleza au chembe unayoisikia kwenye ngozi. Alafu kula moja: ganda lipotee pamoja na ndani, lisibaki mdomoni.

Tano zote zikifaulu endelea. Ikigoma hata moja, dakika 15 nyingine. Usijidanganye kwamba zitamalizikia kwenye sukari, hazimaliziki, mana sukari ikiingia inavuta maji kutoka kwenye punje na kuikaza, na kuanzia hapo utachemsha mpaka kesho itabaki na ugumu uleule.

Zikiwa tayari zima moto, funika vizuri, ziache dakika 20 hadi 30 ndani ya maji yake. Zile zilizokuwa nyuma kidogo zinawafikia wenzao.

## Hatua ya 5: Sukari kwa awamu

Washa moto mdogo. Angalia maji, yawe yanafunika azuki na kuzidi kidogo, yakipungua ongeza, yakiwa mengi chota kidogo uweke pembeni usimwage.

Gawa sukari mafungu matatu. Tia la kwanza, koroga taratibu kutoka chini mpaka iyeyuke, acha dakika 5 mpaka 7. La pili hivohivo. La tatu hivohivo. Ukiitia yote kwa pamoja hata azuki zilizoiva zinashtuka na kusinyaa, supu inakuwa tamu kali na punje yenyewe haina utamu ndani.

Gramu 150 ni tamu ya kiasi, 180 ni tamu ya kikwetu. Anza na 150, onja, amua. Kumbuka utaionja ikiwa ya moto na bila vidonge, na vidonge havina sukari kabisa, kwa hiyo supu peke yake lazima ijisikie imezidi kidogo.

Ukitaka iwe nzito, ponda azuki vijiko viwili vitatu kwenye ubavu wa sufuria. Usipige na blenda ukasema ndo ile laini, blenda inasaga na maganda na inatoka na vijichembe. Ile laini inapatikana kwa kupitisha azuki kwenye chujio kabla ya sukari, ukisukuma na mwiko, maganda yakabaki juu. Ni kazi, na kwa mara ya kwanza sioni haja.

## Hatua ya 6: Chumvi, na subira

Tia ile robo kijiko cha chumvi, koroga, onja tena. Haitakiwi uisikie chumvi. Unatakiwa usikie utamu umesogea mbele. Ukisikia chumvi umezidisha, ongeza maji na sukari kidogo.

Uzito wa supu: chota na mwiko, geuza, pitisha kidole mgongoni. Kwa moto iwe bado inatiririka, isiwe rojo, kwa sababu ikipoa inaganda kuliko unavyotegemea.

Inaliwa hapohapo, lakini ukiiacha ipoe na kulala kwenye friji inakuwa nzuri zaidi, sukari inapata muda wa kuingia ndani ya punje. Wageni wakija kesho, supu pika leo. Vidonge subiri hiyohiyo kesho.

## Hatua ya 7: Donge

Weka gramu 100 za shiratamako kwenye bakuli. Mimina maji mililita 70 kwanza, sio yote. Acha dakika 2 au 3 bila kugusa, vile vichenga vinywe maji, alafu vunja vunja kwa vidole. Ukianza kukanda haraka, vichenga vikavu vinafungiwa ndani na ukija kula utakutana na chembe ngumu.

Kanda sasa. Utaona linachanika, halishikani. Ongeza maji kijiko kimoja cha chai kwa wakati, kanda, angalia, ongeza tena. Unga huu una tabia mbaya: unakaa unaonekana mkavu, mkavu, mkavu, alafu nusu kijiko ghafla unakuwa unatiririka mkononi. Ukifika huko nyunyizia unga kidogo.

Kipimo cha Wajapani ni nyama ya chini ya sikio, pale panapotobolewa hereni. Shika sikio lako, shika donge. Yawe laini sawa. Pima kingine: viringisha kidonge, bonyeza katikati. Kingo zikipasuka maji bado, kikilala chenyewe kama chapati maji yamezidi.

Ukitumia mochiko au unga wa Thailand, utaratibu ni uleule, ila hakuna vichenga vya kusubiri na kiasi cha maji kinaweza kupishana, fuata sikio sio namba.

Kuna njia nyingine nzuri tu: badala ya maji kanda na tofu laini (maziwa ya soya yaliyogandishwa) kama gramu 100 hadi 110. Tofu haisikiki mdomoni na vidonge vinabaki laini mpaka siku ya pili.

## Hatua ya 8: Viringisha na bonyeza

Lifanye donge kama kamba nene, kata vipande vya gramu 10 hivi, utapata kama 18. Viringisha kila kimoja kiganjani, alafu bonyeza katikati kwa kidole gumba kiwe na kishimo. Kishimo kina kazi mbili, katikati panaiva sawa na pembeni, na supu inapata pa kukaa.

Vipange kwenye sahani bila kugusana, funika na kitambaa kibichi. Feni ikiwa inawaka izime, vinakauka ngozi haraka vikapasuka.

## Hatua ya 9: Chemsha vidonge

Maji mengi, lita moja na nusu, yachemke kwa nguvu. Sio kwenye supu. Ukivipika ndani ya supu ya azuki vinatoa wanga, supu inakuwa gundi, na chini panaungua wakati unasubiri.

Dondosha kimoja kimoja. Koroga mara moja taratibu visigande chini. Vitazama, alafu baada ya dakika 2 au 3 vitapanda juu vyenyewe.

Wengi wanatoa hapo. Bado. Kuelea ni dalili kwamba nje kumeiva, acha dakika 1 hadi 2 zaidi vikiwa vinaelea. Toa kimoja kata katikati: rangi iwe moja, nyeupe ya kupitisha mwanga kidogo. Ukiona kidoa cha chaki katikati, rudisha.

Chota na upawa wa matundu moja kwa moja mpaka kwenye maji baridi, ukiwa na barafu vizuri zaidi. Maji baridi yanaondoa ute wa juu na kuvikaza vipate ule mvutano. Visizidi dakika chache humo.

## Hatua ya 10: Pakua

Pasha supu moto mdogo, ikiwa ilikuwa kwenye friji iongezee maji vijiko viwili vitatu ukikoroga kutoka chini. Chukua bakuli dogo, hiki sio chakula cha kujaza sahani. Weka vidonge vitatu au vinne, mimina supu ya moto juu.

Pembeni Wajapani wanaweka kitu cha chumvi kidogo sana, mwani uliokaushwa kwa chumvi au achari ya tunda la Kijapani linaloitwa umeboshi, jamii ya plamu, unakula katikati ili ulimi upumzike na utamu. Kipande kidogo cha ndimu ya achari kinafanya kazi hiyohiyo na sioni wa kukuzuia. Chai iwe ya kijani au ya rangi, bila sukari.

Onyo ambalo sitaki ulipitie juu juu: vitu vya mchele wa kunata vinaziba koo. Idara ya zimamoto ya Tokyo inatoa tahadhari kila ikikaribia mwaka mpya kuhusu mochi, yale madonge ya mchele wa kunata uliopondwa, hasa kwa wazee. Shiratama ni laini kuliko mochi lakini zinateleza na ni za mviringo, kwa mtoto mdogo ndo mbaya zaidi. Mzee mkatie vipande vidogo, ale amekaa, atafune, anywe chai. Mtoto mdogo mpe supu na azuki tu.

## Ukikwama

Azuki ngumu na sukari imeshaingia: haziponi. Ziponde zote, chuja maganda, ipikie mpaka iwe rojo, utakuwa na kitu cha kupaka mkate. Azuki nyingine anza upya.

Vidonge vimefumuka majini: soma tena pakiti ya unga. Kama unga ni sahihi, basi maji yalizidi au sufuria ilikuwa haijachemka sawasawa ulipovitia.

Supu imekuwa nyeusi: chombo cha chuma, au magadi. Ladha bado inaweza kuwa nzuri kama ni chombo.

Supu imeshika chini: usikwangue. Hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine taratibu, onja, mara nyingi inaokoka.

## Kuhifadhi

Supu inakaa friji siku 3, au mwezi kwenye friza ukiifunga kwa mafungu.

Vidonge usiviweke friji. Wanga wa mchele uliopikwa ukipata ubaridi wa friji unajikaza na kurudi ugumu, kesho yake vinakuwa kama raba. Vile vya siku hiyo viache nje vimefunikwa, vile vya akiba vipange kwenye trei visigusane, vikiganda kwenye friza ndo uvitie kwenye mfuko wa plastiki. Siku ukivitaka vitupe kwenye maji yanayochemka vikiwa bado barafu, vikielea ongeza dakika moja, na wale waliovisahau friji usiku mzima wafanye hivohivo, vitalainika ila sio kama vya kwanza.